Kijani cha Nalasi

Hapana, Faraja, hapo sikubali. Umesema mbele za watu, tena huku unatafuna muhindi, eti "dada Skola kazi yake ilikuwa kupaka rangi tu kwenye kompyuta." Kupaka rangi! Kama vile nilikuwa napaka kucha. Siku ile nilinyamaza kwa sababu ilikuwa sherehe ya kuniaga na soda yangu ilikuwa bado ya baridi. Sasa soda imeisha. Kaa hapo usome.

Rangi hizo unazozidharau nusura zimfukuzishe kazi Fundi Mapunda, mtu aliyenifundisha kila kitu ninachokijua isipokuwa kompyuta yenyewe, ambayo nilijifundisha mwenyewe. Na wengine wote mnaobaki hapo kwenye mradi wa maji, someni pia. Jedwali nimewaachia ninyi, na lina meno. Mimi najua liliuma wapi.

Najua mnacheka. Mstaafu gani ana miaka thelathini na tatu, hana mvi hata moja? Lakini barua imeandikwa "kustaafishwa", na mimi sibishani na barua yenye mhuri. Nabishana na watu.

Nilianza pale kama mpiga chapa. Siku ya kwanza nimevaa sketi ya kupiga pasi, viatu vya kuazima, nimeshika cheti changu cha kupiga taipu kama nimeshika mtoto mchanga. Nikaelekezwa stoo, kwa mkuu wa pampu, ndiye huyo Mapunda. Nikamkuta mzee mmoja mnene wa mikono, mwembamba wa kila kitu kingine, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mfuko wa shati una penseli mbili, moja ya kawaida, moja nyekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unajua pampu?"

"Sijui."

"Vizuri. Wanaojua wananisumbua." Akanipa spana. "Fungua hiyo."

Nikamwambia, "Baba, mimi nimekuja kuchapa."

"Utachapaje kitu usichokijua?"

Basi. Siku yangu ya kwanza ofisini sikuona taipu kwa macho. Nilifungua pampu ya mkono vipande vyote, nikaifunga, ikabaki nati moja, akaniambia fungua tena. Nilirudi nyumbani Matogoro nina grisi mpaka kwenye kope, mama akaniuliza, "Umeajiriwa gereji?" Lakini toka siku ile, neno lolote la pampu nikilichapa naliona. Ninyi mmeanzia kwenye kompyuta, mnaandika "fimbo ya pampu" mkidhani ni ya kuchungia ng'ombe. Nendeni stoo kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa na pampu za mkono mia mbili na ushee, Songea vijijini, Namtumbo, hadi Tunduru kule. Kila pampu ina mlezi wake pale kijijini. Kila mwezi mlezi anaandika kadi moja, sentensi mbili tatu: hali ya pampu. Kadi inakuja na njia yoyote inayopita. Kondakta wa basi, padre, mwalimu anayefuata mshahara. Za Namtumbo zilikuwa zinanuka tumbaku. Za Nalasi zilikuja ndani ya gunia la korosho, na wakati mwingine korosho zilikuwemo, wakati mwingine kondakta alikuwa ameshazisoma kwa meno.

Fundi Mapunda alisoma kadi zote. Zote! Anavaa miwani yenye mguu mmoja, anasoma polepole midomo ikitembea, halafu kwa ile penseli nyekundu anapiga kamstari kadogo mahali fulani katikati ya kadi. Akishapiga, anajua fundi gani aende wapi. Mimi nikadhani anasahihisha mwandiko. Nikasema moyoni, huyu mzee ana ualimu wa kizamani. Sikumuuliza. Mimi ambaye naweza kumuuliza askofu bei ya kanzu, hilo moja sikuuliza.

Halafu kompyuta ikaja. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kinafunguliwa. Maduka ya mjini yamejaa vitu vya nje, mashirika ya umma yanauzwa, kila siku unasikia wapi wamepunguzwa watu wangapi, na wafadhili hawataki tena barua, wanataka jedwali. Meneja alipelekwa semina ya kompyuta. Akarudi na begi na kofia. Ujuzi sijui aliuacha hotelini.

Nikasema ngoja, kitu gani hicho kinachowashinda wanaume wazima? Nikapata kitabu kisicho na jalada, cha Kiingereza, na kamusi ya mdogo wangu wa sekondari. Wenzangu wakienda kula, mimi nabaki nabonyeza. Umeme wenyewe mnaujua, jenereta la mji likikohoa tu, kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Niliharibu jedwali mara tatu. Mara moja ilikuwa umeme kweli.

Nikahamisha kadi zote humo. Kijiji safu hii, mwezi safu ile, na maneno ya mlezi yote nayachapa kama yalivyo kwenye kisanduku kimoja. Fundi Mapunda alikuja kuangalia, akasema vile visanduku ni vyumba vya kupangisha, kila chumba na mpangaji wake. Akavipenda. Ila macho yake yalikuwa yanachoka na kile kioo, anatoa machozi. Ndipo nikagundua kitu kimoja.

Sasa sikilizeni, hii ndiyo mnayoiita kubonyeza tu. Unaweza kuiambia kompyuta: angalia maneno yaliyomo kwenye chumba hiki, ukikuta neno fulani, paka chumba rangi fulani. Wewe hugusi. Unachapa, rangi inakuja yenyewe. Unakwenda kwenye masharti ya rangi, unachagua fomula, unaandika hivi:

=ISNUMBER(SEARCH("salama",C2))

SEARCH inatafuta neno "salama" popote ndani ya chumba, mwanzo, katikati, mwisho, herufi kubwa ndogo haijali. Ikilipata inakupa namba ya mahali lilipoanzia. Isipolipata inakutukana kwa alama ya kosa. ISNUMBER kazi yake ni kuuliza tu: nimeletewa namba au nimeletewa matusi? Kama ni namba, paka. Hiyo C2 ni chumba cha juu kabisa cha vile ulivyovichagua, usiweke alama ya dola mbele ya ile 2, la sivyo safu nzima itafuata kadi ya kijiji kimoja. Hilo nalo niliwahi kulifanya. Siku nzima mkoa wote ulikuwa unaumwa ugonjwa wa Namtumbo.

Kompyuta ile ilikubali masharti matatu tu, kama mganga wa bei nafuu. Na kumbukeni: inaanza kusoma sharti la juu. Likitimia hilo, haitazami mengine. La kwanza ndilo linalokula. Mimi nikaweka la kwanza "salama", kijani. La pili "haitoi", nyekundu. La tatu "matope", njano. Nikaanza na salama kwa sababu, jamani, mtu haanzi na salama?

Siku nilipowaonyesha, ofisi nzima ilijaa kwenye chumba changu, hadi mlinzi. Nikabonyeza, jedwali likalipuka kijani kama mahindi baada ya mvua ya kwanza. Nyekundu mbili tatu. Watu wakapiga makofi. Meneja akasema "safi sana, safi sana," akaiegemea kompyuta kana kwamba ameiweka yeye.

Fundi Mapunda akaniinamia. "Kwa hiyo, mwanangu, haya ya kijani nisiyasome?"

"Usiyasome, baba. Pumzisha macho. Wewe soma nyekundu tu."

Akavua miwani yake ya mguu mmoja, akaitia mfukoni pamoja na penseli. Akasaini chini ya taarifa ya mwezi, maana utaratibu ulikuwa saini ni ya mkuu wa pampu. Mwezi uliofuata akasaini tena. Na uliofuata. Hayo maneno yangu, "usiyasome, baba," nimeyatafuna mpaka leo hayajameng'enyeka.

Ijumaa moja akaja mama mmoja kutoka Nalasi, Mama Zuhura, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Basi lilikuwa limekwama njiani, ametembea kipande, kanga ina tope mpaka kiunoni. Akaomba maji ya kunywa. Akanywa glasi tatu, akaangalia bomba letu, akasema, "Kwenu yanatoka." Halafu akakaa. Meneja akapita.

"Karibu, mama. Habari za Nalasi?"

"Alhamdulillahi, salama."

"Watoto?"

"Wote hawajambo, tunamshukuru Mungu."

"Na korosho?"

"Mwaka huu si haba."

Meneja akafurahi, akaanza kuondoka, ameshageuka mgongo, ndipo mama akamalizia, kwa sauti ile ile, "Ila maji hatuna tangu kabla ya mfungo, huu mwezi wa tatu. Tunachota mtoni, watoto wanaharisha."

Miezi mitatu! Nikasema haiwezekani, mama, njoo uone. Nikamvuta mbele ya kompyuta. Nalasi, miezi mitatu mfululizo, kijani, kijani, kijani.

Mama Zuhura akaangalia. "Rangi nzuri. Ndiyo nini?"

"Ndiyo kusema pampu yenu nzima."

"Aa." Akafunga kanga vizuri. "Basi nipe hiyo pampu ya humo, niende nayo."

Nilitamani niingie chini ya meza. Fundi Mapunda yeye alikuwa ameshakwenda stoo, anatoa vifaa. Dakika ishirini baadaye yuko kwenye gari la mradi na Mama Zuhura, wanakwenda Nalasi kabla mvua haijarudi.

Meneja akabaki na hasira na hana wa kummalizia. Akachukua zile taarifa tatu, akatazama chini. "Saini ya nani hii? Ya Mapunda. Kadi zinaletwa kwake, anasaini bila kusoma. Amelala huyu mzee. Jumatatu wafadhili wanakuja, na mjue orodha ya kupunguzwa haijafungwa." Mzee alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu kwa heshima zake. Miaka miwili! Tangu ujana wake alikuwa anatoa watu maji ardhini, halafu aondoke kwa jina la usingizi.

Jumamosi nikaenda ofisini peke yangu, nikashusha maboksi ya kadi. Ya Nalasi nikaipata ya kwanza kabisa. Nawaandikia ilivyokuwa, kwa sababu naijua kwa moyo: "Assalam aleikum. Sisi huku salama, alhamdulillahi, na kisima hakijambo. Ila maji hayatoki. Wasalaam." Niliichapa mwenyewe kwa vidole hivi kumi! Niliichapa, sikuisoma. Kompyuta ikaona salama, ikapaka kijani, ikaenda zake. Na hata ingefika kwenye sharti la pili, nilitegesha "haitoi", mlezi wa watu kaandika "hayatoki".

Nikatoa nyingine. "Tunaendelea salama, tatizo dogo tu, mpini umevunjika." Mpini umevunjika, tatizo dogo! Nyingine, ya Namtumbo: "Hatujambo wote salama, isipokuwa maji yana harufu." Nikawa nasoma nacheka, halafu nikaacha kucheka. Nani huku kwetu anaanza barua na shida? Umfikie mtu mlangoni useme pampu imekufa, kabla hujamwambia hujambo? Utaonekana hukulelewa. Salama ile haikuwa ya pampu. Ilikuwa salamu.

Nikashusha na kadi za zamani, za kabla ya kompyuta, zile alizosoma Fundi kwa penseli. Ile mistari myekundu. Kumbe mwandiko hakuusahihisha hata siku moja. Kila kamstari kamekaa chini ya "ila". Chini ya "isipokuwa". Chini ya "tatizo dogo tu". Mzee alikuwa anaruka salamu yote, anatafuta pale mtu anapovuta pumzi aseme lililomleta. Miaka yote ile alikuwa na kompyuta mfukoni, ya mti, yenye rangi moja, na sharti lake lilikuwa sahihi kuliko yangu matatu.

Jumatatu asubuhi nikamkuta stoo, kwenye ndoo yake. Amerudi jana, Nalasi maji yanatoka. Mpira wa ndani ulikuwa umekatika. "Kazi saa moja," akasema, "salamu saa mbili."

Nikamlipukia. Ndiyo, yeye niliyemkosea, ndiye niliyemlipukia, ndivyo nilivyo. "Baba, kwa nini hukuniambia hiyo mistari ni ya nini?"

"Ulikuwa unaongea."

"Na kwa nini hukumwambia meneja ni mimi niliyekukataza kusoma?"

"Saini ni yangu." Akainuka. "Na wewe ukae kimya humo ndani. Una mama wa kutunza. Mimi nina shamba."

Ninyi mnanijua. Kukaa kimya nimewahi kujaribu, nikaumwa kichwa.

Mkutanoni walikuwepo meneja, wageni wawili, Fundi Mapunda pembeni na kofia magotini, na mimi wa kuandika kumbukumbu. Meneja akaanza: uzembe, kijiji miezi mitatu bila maji, mhusika yupo hapa, hatua zitachukuliwa. Nikaweka kalamu chini.

"Kosa ni langu."

"Skola, andika."

"Siandiki uongo. Jedwali nilitegesha mimi. Kijani ni changu. Huyu mzee nilimwambia asisome, akaniamini."

"Binti, kaa chini. Kadi imeandikwa salama, kompyuta imesoma salama. Alitakiwa yeye ahakiki."

Damu ikapanda. Nikamwambia, "Meneja, asubuhi hii umenikuta mlangoni. Umeniuliza nini?"

"Nimekuuliza habari za nyumbani."

"Nikakujibu nini?"

"Nzuri."

"Mama yangu amelazwa tangu juzi, malaria imempanda kichwani. Nimekujibu nzuri. Nikavuta pumzi nikuambie la pili, wewe ukawa umeshafika kwenye kiti chako."

Mmoja wa wageni akaomba atafsiriwe. Hakuna aliyemtafsiria. Nikamwaga kadi mezani, za zamani zenye mistari ya penseli, na zangu zisizo na kitu. Nikasema, "Huyu anayeitwa amelala ndiye pekee katika ofisi hii aliyekuwa anamsubiri mtu amalize kusema. Mkimtoa, nani atasubiri?"

Meneja akachukua kadi moja. Akachukua ya pili. Akasoma kama anavyosoma Fundi, midomo inatembea. Mwisho akasema, chini chini, "Pole kwa mama." Halafu, "Jedwali lirekebishwe." La Mapunda hakulitaja tena, wala siku ile wala baadaye.

Nikarekebisha siku ile ile, na Fundi amekaa pembeni yangu. Nikapindua mpangilio: nyekundu juu, kijani chini. Nyekundu ikatafuta "ila". Hapo nusu ya jedwali ikawa nyekundu, hadi vijiji vyenye maji ya kufurika! Kumbe "kila" nayo ina "ila" tumboni. "Tunachota kila siku," nyekundu. Fundi alicheka mpaka miwani ikaanguka. Dawa yake acha nafasi mbele na nyuma ya neno kwenye fomula, ndani ya zile alama za kunukuu, ili litafutwe likiwa peke yake. Na kwa kuwa masharti ni matatu tu, unatumia OR kukusanya "isipokuwa", "lakini" na "tatizo" ndani ya sharti moja. Kijani nikakiacha cha mwisho, kwa kadi ambayo haikunaswa na kitu. Hata hiyo Fundi aliendelea kuisoma. Na mimi nikawa naisoma. Tulikuwa tunagawana, yeye Songea na Namtumbo, mimi Tunduru, na penseli nyekundu tuliikata vipande viwili.

Baada ya miezi kadhaa, orodha ya kupunguzwa ikabandikwa ukutani. Nilitafuta jina la Mapunda kwanza. Halikuwepo. Nikashusha pumzi. Halafu nikaona la kwangu. Kama ni kwa sababu ya mdomo wangu, au kwa sababu mpiga chapa ndiye wa kwanza kupunguzwa kila mahali, sijui. Sijauliza, na msiniulizie. Fundi alisimama pale ukutani, akasema, "Ungekaa kimya, mwanangu." Nikamwambia, "Na maji yangetoka, baba?" Akanipa kile kipande chake cha penseli. Ninacho hapa, ndicho nilichopigia mstari karatasi hii pale palipohitaji.

Mama alipona, kwa mnaojali. Analima, ananiita mstaafu mbele ya majirani.

Wiki iliyopita nilipita ofisini kumsalimia mzee. Nikakuta Faraja kwenye kiti changu, jedwali limejaa kijani kutoka juu hadi chini, limetulia kama bustani ya Misheni. Nikamuuliza, "Habari za pampu?" Akanijibu bila kugeuka, "Nzuri tu, dada Skola, si unaona?"

Naona, Faraja. Rangi naiona. Nakuuliza kadi: umezisoma?